Bega lililokataa kupona baada ya chanjo: Je, waweza kulipwa fidia?

Tuseme, mpenzi msomaji, wewe ni mkazi wa Milimani. Si Milimani ile ya mahakama za Nairobi, bali hii yetu ya Nakuru, penye miti mirefu chini ya mlima Menengai. Ni asubuhi ya Jumapili, baridi ingali inapenya dirishani na watoto wanadai chai kabla ya kwenda kanisani. Unanyoosha mkono kuchukua vikombe kwenye rafu ya juu. Mkono unafika usawa wa kidevu, kisha bega linakataa. Maumivu yanakuchoma hadi unauma meno. Unatumia mkono wa pili, na vikombe vinashuka.

Ndipo unapokumbuka. Wiki tatu zilizopita ulidungwa sindano ya chanjo kwenye bega hilo hilo. Liliuma usiku ule ule, nawe ukaambiwa kuwa hiyo ni kawaida. Jirani naye alikupa ushauri wake: "Pole, mama. Hiyo ni baridi tu. Jikande na maji moto, litaachia." Umejikanda wiki tatu na halijaachia. Humsuki tena binti yako, kuanika nguo kwenye kamba ni adhabu, na usiku huwezi kulalia ubavu huo.

Je, kuna mtu wa kuulizwa juu ya bega hili? Na gharama za daktari, dawa na siku za kazi unazopoteza, ni nani atakayezilipa?

Jibu kwa ufupi ni kwamba hapa Kenya unaweza kudai fidia. Lakini haki hiyo haikungojei. Ina saa yake, na saa hiyo ilianza kuhesabu siku uliyoumia, si siku utakayofungua mlango wa wakili. Ndiyo maana tumeona vyema leo tulizungumzie jambo hili kwa marefu na mapana.

Maumivu ya kawaida na yasiyo ya kawaida

Kwanza tuelewane. Bega kuuma baada ya chanjo si ajabu. Dawa imeingia kwenye msuli, nao mwili unaipokea kwa uvimbe mdogo, joto na pengine wekundu. Aghalabu maumivu ya aina hiyo hupoa baada ya siku mbili tatu, na mtu husahau kabisa kwamba alidungwa.

Tunayoyazungumzia hapa ni mengine. Madaktari huyaita kwa kifupi SIRVA, yaani jeraha la bega litokanalo na jinsi chanjo ilivyodungwa. Jina hilo lilianza kutumiwa katika maandishi ya kitabibu huko Marekani mwaka 2010. Zingatia maneno hayo, "jinsi ilivyodungwa". Kosa haliko ndani ya chupa ya dawa. Liko mahali ambapo sindano iliingia.

Chanjo nyingi za watu wazima hudungwa kwenye ule msuli mnene wa bega wenye umbo la pembetatu. Mahali panapofaa ni katikati ya msuli huo, kama upana wa vidole viwili au vitatu chini ya mfupa wa ncha ya bega. Juu zaidi ya hapo, chini ya ngozi na msuli mwembamba, pana kifuko kidogo chenye majimaji yanayolainisha kiungo, pamoja na kano zinazoinua mkono. Sindano ikidungwa juu mno, dawa huweza kumwagika humo. Mwili huivamia dawa hiyo kama unavyoivamia chanjo mahali popote, lakini sasa vita vinapiganiwa ndani ya kiungo. Kifuko huvimba, kano huwaka moto, na bega huanza kukaza.

Dalili zake ni hizi. Maumivu huanza mapema, kwa kawaida kabla ya saa 48 kupita. Hukaa kwenye bega lile lililodungwa wala hayasambai mwili mzima. Mkono hupungukiwa na uwezo wa kuinuka au kwenda nyuma ya mgongo. Tena hayaishi kwa siku mbili tatu, bali huendelea kwa majuma, na kwa wengine kwa miezi mingi. Tiba huwa ni dawa za kupunguza uvimbe, mazoezi ya viungo, wakati mwingine sindano ya kutuliza uvimbe ndani ya kiungo, na mara chache upasuaji.

Sindano ikidungwa chini mno nayo ina hatari zake. Upo mshipa wa fahamu unaouzunguka mfupa wa mkono, nao ukiguswa, kifundo cha mkono kinaweza kulegea hadi mtu ashindwe kuinua kiganja.

Jeraha la namna hii si la kila siku, msomaji, na ni wachache wanaolipata kati ya wengi wanaochanjwa. Lakini kwa yule aliyepatwa, uchache huo haumpunguzii maumivu hata kidogo.

Sindano ni mahali pake

Wakenya hawahitaji kwenda mbali kujifunza kwamba mahali pa kudunga ni jambo zito. Mapema mwaka 2015 nchi ilishtushwa na habari kutoka Akichelesit, Kaunti ya Busia, ambako watoto zaidi ya 20 walipata ulemavu wa miguu. Ulemavu huo ulihusishwa na sindano za matibabu ya malaria walizodungwa matakoni. Hiyo haikuwa chanjo wala bega, lakini funzo ni lile lile: dawa inayofahamika vizuri inaweza kumwacha mtu na ulemavu ikiwa itaingia pasipofaa.

Basi jikinge. Ukienda kuchanjwa, vaa nguo ambayo mkono wake unapanda hadi begani bila kubana. Usivute ukosi wa shati kando ili bega lichungulie, kwa maana hapo anayedunga huona sehemu ya juu tu na ndiyo atakayoidunga. Sema kwa heshima, "Sista, naomba nivue mkono wa shati kwanza ndipo ulione bega lote." Keti, ulegeze mkono, na ikiwezekana naye aketi ili asikudunge kutoka juu. Mtoto mchanga kwa kawaida hudungwa chanjo za aina hii pajani, kwa kuwa msuli wa bega lake bado ni mdogo.

Wenzetu wanafanyaje?

Nchi kadhaa zimekubali hoja moja rahisi. Mtu anapochanjwa hajikingi peke yake, bali hukinga jamii nzima. Kwa hiyo yule mmoja aliyeumia kwa ajili ya wengi asiachwe abebe mzigo huo peke yake, wala asilazimishwe kuthibitisha mahakamani kwamba daktari alikosea. Ujerumani ilikuwa ya kwanza kuweka mpango wa namna hiyo, mwaka 1961. Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka 1979, nayo humlipa pauni 120,000 kwa mkupuo mtu ambaye ulemavu wake umefika asilimia 60. Bega bovu peke yake haliwezi kufika huko kwa urahisi.

Marekani ilipitisha sheria mwaka 1986, na mpango wake ukaanza kufanya kazi mwaka 1988. Fedha hutoka kwenye ushuru wa senti 75 za dola unaotozwa kila chanjo moja dhidi ya ugonjwa mmoja. Mwaka 2017 jeraha la bega liliingizwa rasmi kwenye orodha ya madhara yanayotambuliwa na mpango huo. Mlalamishi hahitaji kuthibitisha uzembe. Anahitaji kuonyesha kwamba bega hilo halikuwa na ugonjwa kabla ya chanjo, kwamba maumivu yalianza kabla ya saa 48 kupita, kwamba yamebaki kwenye bega hilo, na kwamba hakuna maradhi mengine yanayoyaeleza. Kwa kawaida, athari ziwe zimedumu zaidi ya miezi sita, na dai lifikishwe kabla ya miaka mitatu tangu dalili ya kwanza.

Yaweke akilini mambo hayo manne. Sisi hatuko chini ya sheria hiyo, lakini ndiyo maswali ambayo hata daktari na wakili wa Nakuru watakuuliza.

Kenya haina mfuko wa kitaifa wa kuwafidia watu waliodhuriwa na chanjo zote kwa jumla. Kilichowahi kutukaribia ni mpango wa kimataifa ulioanzishwa mwaka 2021 kwa ajili ya chanjo za Covid-19 zilizogawanywa kupitia COVAX katika nchi 92 zenye kipato cha chini na cha kati, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwamo. Shehena ya kwanza ya chanjo hizo, zaidi ya dozi milioni moja, ilitua Nairobi Machi 3, 2021. Lakini mpango huo uliwalenga walioumia sana: waliolazwa hospitalini na kubaki na ulemavu wa kudumu, au waliofariki. Tena aliyekubali malipo yake alitakiwa kuacha kwenda mahakamani. Bega linalouma kwa miezi minne kisha likapona halingeingia humo.

Kwa hiyo aliyedungwa chanjo ya pepopunda, ya homa ya ini, ya homa ya manjano au ya saratani ya mlango wa kizazi, na bega likaharibika, njia yake hapa Kenya ni sheria ya kawaida ya uzembe.

Sheria inataka uthibitishe nini?

Katiba ya mwaka 2010 iko upande wako. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya huduma za ubora unaofaa, pamoja na fidia kwa hasara au jeraha litokanalo na kasoro za huduma hizo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inampa kila mtu haki ya kuwasilisha malalamiko juu ya jinsi alivyohudumiwa, na malalamiko hayo yachunguzwe.

Lakini hakimu hatakulipa kwa sababu tu unaumwa. Sheria ya ushahidi inasema anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha. Mambo yenyewe ni manne. Kwanza, kwamba waliokudunga walikuwa na wajibu wa kukutunza. Hili kwa kawaida ni rahisi, kwa sababu ulikuwa mgonjwa wao. Pili, kwamba walivunja wajibu huo kwa kufanya kazi chini ya kiwango ambacho mhudumu mwenye ujuzi wa kawaida angefikia. Tatu, kwamba kosa hilo ndilo lililoleta jeraha. Nne, kwamba umepata hasara.

La pili na la tatu ndiyo mlima wenyewe. Hospitali inaweza kusema, "Huyu mama ana umri wa miaka 50, mabega ya umri huu hukaza yenyewe." Au, "Huyu kijana hubeba mizigo sokoni, ameumia kazini." Ndiyo maana utahitaji daktari wa mifupa au wa viungo atakayelipima bega, ikiwezekana kwa picha, kisha aandike maoni yake: mahali sindano ilipoingia, hali ya bega sasa, na kwa nini anaamini kimoja kimesababisha kingine. Mahakama haihitaji uhakika wa asilimia 100. Inahitaji kuona kwamba maelezo yako yana uzito kuliko yale ya upande wa pili.

Habari njema ni kwamba huhitaji kumwandama nesi mmoja maskini. Kwa kawaida mwajiri hubeba lawama za mwajiriwa wake akiwa kazini. Basi ikiwa ulidungwa katika hospitali ya kibinafsi, hospitali ndiyo itakayojibu. Ikiwa ni zahanati au hospitali ya kaunti, jua kwamba chini ya Katiba huduma hizo ziko mikononi mwa serikali za kaunti.

Chelewa chelewa utapata mwana si wako

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo soma polepole.

Dai la jeraha dhidi ya mtu au hospitali ya kibinafsi lina miaka mitatu tangu kuumia. Lakini dai la aina hiyo dhidi ya Serikali lina miezi 12 tu, kwa mujibu wa sheria inayoweka muda wa kuzishtaki taasisi za umma. Iwapo hospitali ni ya umma, ya kitaifa au ya kaunti, usithubutu kuhesabu zaidi ya miezi hiyo 12. Usiwaachie mawakili wabishane baadaye kama kaunti imo au haimo.

Sasa fikiri juu ya ugonjwa wenyewe. Mwezi wa kwanza unajikanda na maji moto. Mwezi wa pili unanunua dawa za maumivu dukani. Mwezi wa nne unaenda kwa daktari, anakupa mazoezi ya miezi mitatu. Mwezi wa nane bega linaanza kulegea, unapata matumaini. Mwezi wa 11 linakaza tena. Mwezi wa 13 unaamua kumtafuta wakili, naye anakutazama kwa huruma. Bega halikukudanganya, msomaji, ila mwendo wake ni wa polepole kuliko saa ya sheria.

Zipo nafuu. Mahakama inaweza kuongeza muda pale ambapo mtu hakujua, wala hangeweza kujua, jambo muhimu linalohusu jeraha lake. Mtoto aliye chini ya miaka 18 naye hupewa nafuu ya muda. Lakini nafuu huombwa, na kinachoombwa huweza kukataliwa. Zamani mtu pia alilazimika kuipa Serikali notisi ya siku 30 kabla ya kuishtaki, hadi Mahakama Kuu iliposema mwaka 2012 kwamba sharti hilo linakiuka Katiba. Hata hivyo barua ya madai kabla ya kesi ni busara, na mara nyingine huleta mapatano.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Bega nalo ni mali. Leo hii, kabla hujakunja gazeti hili, tafuta daftari la mtoto la shilingi chache na uanze kuandika.

Andika tarehe na saa ya chanjo, jina la kituo, aina ya chanjo, na bega lililodungwa. Tunza kadi ya chanjo. Kwa kawaida huwa na namba ya shehena ya dawa. Andika ulikuwa umeketi au umesimama, na nguo uliyovaa. Ikiwa alama ya sindano ingali inaonekana, mwambie mtu wa nyumbani akupige picha inayoonyesha bega zima, ili umbali kutoka ncha ya bega uonekane. Andika maumivu yalianza saa ngapi. Kisha kila juma andika usichoweza kufanya: kufunga kamba ya aproni, kuandika ubaoni, kushika usukani wa gari, kubeba mtoto.

Nenda kwa daktari mapema, na umwambie waziwazi, "Lilianza baada ya chanjo ya tarehe fulani." Usipoyasema hayo, faili yako itaandikwa "maumivu ya bega" basi, na miezi kumi baadaye faili hiyo hiyo itageuka shahidi dhidi yako. Hifadhi kila risiti, hata ya nauli ya matatu ya kwenda kliniki, kwa sababu mahakama hulipa gharama zilizotajwa kwenye kesi na kuthibitishwa kikamilifu. Maumivu na usumbufu hukadiriwa na hakimu. Fedha ulizotumia hazikadiriwi; huonyeshwa.

Rekodi zako za hospitali nazo ziombe kwa barua, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inataka ombi lijibiwe ndani ya siku 21, na ukinyimwa unaweza kulalamika kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ile ambayo wengi huiita Ombudsman. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inakupa haki ya kuona habari zako mwenyewe.

Milango mingine kabla ya mahakama

Mahakama si mlango wa kwanza. Anza kwa msimamizi wa kituo chenyewe, kwa maandishi. Huenda ukapata matibabu ya bure, maelezo ya ukweli na neno la pole, na kwa watu wengi hayo matatu yanatosha.

Kisha toa taarifa ya madhara ya chanjo. Bodi ya Famasia na Sumu ndiyo inayofuatilia usalama wa dawa na chanjo nchini, nayo hupokea taarifa kutoka kwa wahudumu na hata wagonjwa. Taarifa hiyo haikuletei fedha, lakini inaacha alama ya tarehe, na inasaidia kugundua kituo ambacho watu wengi wanadungwa vibaya.

Ikiwa kosa ni la daktari, au la hospitali yenyewe, yupo msimamizi wake, Baraza la Madaktari wa Tiba na Meno. Wauguzi wana Baraza la Wauguzi, na maafisa wa kliniki wana baraza lao. Mabaraza haya yanaweza kuchunguza na kutoa adhabu, hata kumsimamisha mtu kazi. Uamuzi wake unaweza kukusaidia sana mahakamani. Lakini tahadhari: kungoja uamuzi huo hakusimamishi saa ya miezi 12. Fuata njia zote mbili kwa pamoja.

Wafanyakazi nao wakumbuke jambo moja. Ikiwa ulichanjwa kwa sababu ya kazi, kwa mfano wewe ni nesi au mhudumu wa maabara, mwarifu mwajiri wako mara moja kwa maandishi. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 huenda ikakufaa, nayo pia ina muda wake wa miezi 12.

Wakili, gharama na subira

Ukifika kwa wakili, beba daftari, kadi, picha na risiti. Muulize: Umewahi kuendesha kesi za uzembe wa matibabu? Ripoti ya daktari itagharimu kiasi gani, na nani ataitoa mahakamani? Nikishindwa, nitalipa gharama za upande wa pili? Mara nyingi anayeshindwa huzilipa.

Jihadhari na anayekuambia, "Usilipe kitu, nitachukua nusu tukishinda." Sheria ya Mawakili hapa Kenya haitambui mapatano ya wakili kulipwa kwa sharti la kushinda tu. Asiyejiweza aulize Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2016.

Kesi nyingi za majeraha huanza kwa mahakimu. Hakimu Mkuu anaweza kusikiliza dai la hadi Sh20 milioni, kwa hiyo bega la kawaida halina haja ya kupanda hadi Mahakama Kuu. Ipo pia Mahakama ya Madai Madogo kwa yasiyozidi Sh1 milioni, ila majaji wametofautiana kama madai ya majeraha yanafaa kupelekwa huko. Muulize wakili hali ilivyo siku hiyo.

Tena jua kwamba kushinda si kulipwa. Huwezi kumtuma dalali akamate gari la kaunti kama anavyokamata la jirani yako. Sheria inataka upate cheti cha deni, na ikibidi urudi mahakamani kuomba afisa anayehusika ashurutishwe kulipa. Inachukua muda. Pima: ikiwa bega lilipona baada ya miezi miwili na ulitumia Sh6,000, mapatano na barua ya pole vitakufaa zaidi. Ikiwa umepoteza kazi ya ususi, ufundi au udereva, hapo kesi ina maana.

Kwenu wanafunzi

Tangu Oktoba 2019 wasichana wa umri wa miaka 10 wamekuwa wakipewa chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, nayo hudungwa begani. Wanaosomea uuguzi na udaktari hutakiwa kuchanjwa homa ya ini. Bega likikusumbua baada ya juma moja, mwambie mzazi au mwalimu. Usinyamaze kwa kuogopa kuitwa mwoga. Aliye chini ya miaka 18 hafungui kesi mwenyewe. Mzazi au mlezi humfungulia kwa niaba yake. Lakini daftari anaweza kuliandika mwenyewe, na pengine ataliandika vizuri kuliko baba yake.

Neno la mwisho

Msomaji, kuna jambo ambalo tusingependa ulichukue kutoka kwenye ukurasa huu: kwamba ukae mbali na chanjo. Pepopunda huua, surua huua, saratani ya mlango wa kizazi imewamaliza mama zetu na dada zetu. Anayedai fidia ya bega lake hapigani na chanjo. Anadai sindano ilengwe mahali pake, na kila dai la haki linamfanya nesi wa kesho amwambie mgonjwa wake avue mkono wa shati kwanza.

Basi rudi jikoni kwako pale Milimani. Vikombe vishushe rafu ya chini kwa sasa, na kazi ya kuanika nguo mwachie baba watoto. Kesho Jumatatu nenda kwa daktari, umweleze tarehe ya chanjo, na umwone akiiandika. Kisha fungua kalenda, uhesabu miezi 12 tangu siku ile, na uizungushie duara kwa kalamu nyekundu. Bega litapona kwa wakati wake, lakini tarehe hiyo haitasogea.